Safari ya Masomo ya Wakili Tanzania Bara: Mwongozo Kamili kuanzia Kidato cha Nne hadi Leseni

Mtu mwenye shahada ya sheria ni mwanasheria, lakini si wakili. Tofauti hii huwapita wazazi wengi, ambao siku ya mahafali huwapigia ndugu simu kuwaeleza kwamba mtoto sasa ni wakili, kisha mwaka unaofuata hushangaa kumwona mtoto yule yule bado anabeba daftari na bado anaomba nauli. Kwa mujibu wa Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, wakili ni yule aliyekubaliwa na Jaji Mkuu na ambaye jina lake limeandikwa katika daftari la mawakili. Na hata huyo hawezi kupokea kesi ya mtu kwa malipo mpaka awe na leseni ya mwaka husika. Anayejitembeza mahakamani akiwatoza watu fedha bila sifa hizo ndiye wananchi wanayemwita kishoka, na anachokifanya ni kosa la jinai.

Mwongozo huu unahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina Jaji Mkuu wake, Mahakama Kuu yake na utaratibu wake wa kuwakubali mawakili, kwa hiyo anayekusudia kufanya kazi Unguja au Pemba aulize huko tangu mapema. Kwa Bara, ukihesabu kuanzia kidato cha kwanza, njia ya kawaida ni miaka minne ya sekondari ya chini, miwili ya kidato cha tano na sita, mitatu au minne ya chuo kikuu kwa kutegemea chuo, na mmoja wa mafunzo ya vitendo. Ongeza miezi ya kusubiri matokeo, mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa wanaoitwa baada ya kidato cha sita, na kusubiri kuapishwa. Atakayeimaliza kwa miaka kumi na miwili bila kukwama popote ajihesabu kuwa amekwenda kwa mwendo mzuri.

Hatua ya kwanza: sekondari

Hakuna somo la sheria katika sekondari ya kawaida, na halihitajiki. Kinachohitajika ni ufaulu mzuri katika mtihani wa kidato cha nne, kisha tahasusi inayompa mwanafunzi mazoezi ya kusoma maandishi marefu na kuyajengea hoja. Kwa miaka mingi wanafunzi wengi wa sheria wametoka HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, au HKL, yenye Historia, Kiswahili na Kiingereza. Lakini wako waliotoka tahasusi za uchumi na hata za sayansi, na orodha ya tahasusi imepanuliwa kuanzia mwaka 2024. Kabla ya kuchagua, fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, utazame chuo unachokilenga kinataka masomo gani, kwa sababu vyuo huongeza masharti yao juu ya yale ya Tume.

Kiwango cha chini cha Tume kwa anayetoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi nne, ambapo A ni pointi tano, B nne, C tatu, D mbili na E moja. D mbili, basi, zinatosha kwenye karatasi. Mwanafunzi asijidanganye kwa hesabu hiyo, kwa kuwa sheria ni miongoni mwa fani zinazogombewa, na chuo kikipokea maombi mengi kuliko nafasi huchukua kuanzia juu.

Kuna jambo moja ambalo walimu wa sekondari hawalisisitizi vya kutosha, nalo ni lugha mbili. Chuo kikuu kinafundisha sheria kwa Kiingereza, na hukumu nyingi utakazozisoma zimeandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikiendesha mashauri kwa Kiswahili tangu zamani, na mwaka 2021 Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na lugha ya mahakama nchini. Mwanafunzi anayesoma Kiingereza cha kukariri na kukidharau Kiswahili kwa kudhani anakijua tangu utotoni, atajikuta mbele ya hakimu akitafuta neno la kuitia hoja ambayo anaijua vizuri kabisa. Andika insha kwa lugha zote mbili, na umwombe mwalimu azisahihishe kwa kalamu nyekundu bila huruma.

Hatua ya pili, kwa wasiopitia kidato cha sita

Mlango wa pili ni astashahada na stashahada. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, mkoani Tanga, kinatoa astashahada na stashahada ya sheria, na vipo vyuo vikuu vinavyotoa pia ngazi hizo. Mwenye stashahada anaweza kuomba shahada akiwa na wastani wa alama usiopungua 3.0 pamoja na angalau ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Njia hii ni ndefu kwa mwaka mmoja au zaidi, na wapo wanaoiona kama ya waliokosa. Mimi siioni hivyo. Mwanafunzi wa stashahada anaingia mwaka wa kwanza wa shahada akiwa ameshaona hati ya mashtaka, anajua karani wa mahakama anafanya nini, na hashtuki akisikia pingamizi la awali, wakati mwenzake aliyetoka kidato cha sita bado anajifunza kuitofautisha Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Hakimu Mkazi.

Hatua ya tatu: kuomba chuo na kutafuta fedha

Matokeo ya kidato cha sita hutoka katikati ya mwaka, na maombi hupelekwa moja kwa moja kwa vyuo kupitia mifumo yao ya mtandaoni. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu kwa namba maalumu anayotumiwa kwa simu, na wako wanaopoteza nafasi kwa sababu simu ilizimwa kijijini au laini ilikuwa ya mjomba. Tumia namba yako mwenyewe, na uiweke hewani.

Chuo kongwe zaidi kwa fani hii ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Shahada ya sheria pale ni ya miaka minne. Leo sheria inasomwa pia Mzumbe, Dodoma, Mtakatifu Agustino jijini Mwanza, Iringa, Makumira na kwingineko, na Chuo Kikuu Huria kinawafaa walio kazini. Katika kuchagua, jina la chuo lisikutangulie sana. Uliza maswali ya mtu anayenunua kiwanja: maktaba ina vitabu gani, kuna kituo cha msaada wa kisheria ambako wanafunzi hukutana na wateja halisi, mashindano ya mahakama ya mfano, yaani kesi za mazoezi, hufanyika mara ngapi, na mhadhiri husahihisha kazi za kuandika au huweka alama tu na kurudisha.

Kwa upande wa fedha, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hufungua dirisha la maombi kila mwaka, na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, kabla ya kuambatishwa. Hapa pana jambo dogo lenye madhara makubwa: majina. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha kidato cha nne Mohammed, na cha sita Muhammad, rekebisha sasa. Mtu aliyeliacha suala hili akiwa na miaka kumi na minane hukutana nalo tena akiwa na miaka ishirini na sita, siku anapowasilisha maombi ya uwakili, na wakati huo kila herufi inayotofautiana inadai hati ya kiapo na maelezo.

Hatua ya nne: miaka ya shahada

Mwaka wa kwanza huanza na mbinu za kisheria, sheria ya katiba, sheria ya mikataba, sheria ya jinai na mfumo wa mahakama. Baadaye hufuata sheria ya madhara (yaani madhara anayotendewa mtu nje ya mkataba), ardhi, ndoa na familia, makampuni, ushahidi, mwenendo wa mashauri ya madai na ya jinai, utawala, kazi, kodi na sheria ya kimataifa, kwa mpangilio unaotofautiana kati ya chuo na chuo. Orodha hii haina siri yoyote, na kila chuo kitakupa ya kwake. Siri iko katika namna ya kusoma.

Wanafunzi wanalijua desa. Ni lile bunda la nakala linaloshuka kutoka mwaka hadi mwaka, limechapwa na mtu asiyejulikana, lina muhtasari wa kila somo, na linatosha kabisa kufaulu mitihani mingi ya chuo. Tatizo la desa ni kwamba linakupa jibu bila njia iliyolileta, na wakili hulipwa kwa sababu anaijua njia. Isitoshe, sheria hubadilika wakati desa limelala. Anayesoma mwenendo wa mashauri kutoka bunda la miaka kumi iliyopita anaweza kumwambia mteja kwamba wakili haruhusiwi kabisa kuingia Mahakama ya Mwanzo, na hivyo ndivyo ilivyokuwa, lakini sheria ilirekebishwa mwaka 2021 na mlango ukafunguliwa kwa mahakama zinazoendeshwa na hakimu mkazi.

Njia bora ni kusoma hukumu zenyewe, na sasa hakuna kisingizio, kwa kuwa Mahakama ya Tanzania inaziweka bure katika mtandao wa TanzLII. Chukua shauri moja, ulisome hivi.

Mfano mzuri ni shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, lililoamuliwa na Mahakama Kuu mjini Mwanza mwaka 1990. Andika kwanza mambo yaliyotokea, kwa maneno yako na bila maoni: mwanamke wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake; mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000; ndugu wa ukoo akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo akitaka uuzaji ufutwe, kwa kuwa mila iliyoandikwa katika Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo lakini si kuliuza. Kisha andika shauri lilivyopanda: Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana na ndugu, Mahakama ya Wilaya ikaigeuza hukumu hiyo, na ndugu akakata rufaa Mahakama Kuu. Tayari umejifunza ngazi za mahakama bila kuzikariri.

Sasa andika swali kwa sentensi moja: je, kanuni ya mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ambayo mwanamume angeruhusiwa kuiuza inaweza kusimama mbele ya haki za msingi zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984? Jibu la Jaji Mwalusanya lilikuwa hapana. Chini ya jibu andika sababu alizozitoa, kila moja kwa mstari wake, na mwishoni ujiulize swali ambalo halimo katika desa lolote: ningekuwa wakili wa aliyeshindwa, ningesema nini? Kazi hii huchukua saa tatu kwa hukumu moja unapoanza. Ukifika mwaka wa tatu itachukua dakika arobaini, na ukifika kazini utaifanya kichwani wakati mteja bado anaongea.

Fanya hivyo kwa hukumu mbili kila wiki, na ukitoka chuoni utakuwa umesoma kwa kina hukumu zaidi ya mia mbili. Pamoja na hayo, soma vifungu vya sheria kutoka kwenye sheria yenyewe. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, ile ya jinai, Sura ya 20, Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, na Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, ziwe zimechakaa mikononi mwako kabla ya mahafali. Hii ya mwisho hudharauliwa kwa sababu ni fupi na inachosha, ingawa ndiyo inayoua mashauri mengi: madai ya mkataba yana miaka sita, ya madhara mitatu, ya kurejesha ardhi kumi na miwili, na aliyechelewa hasikilizwi hata kama haki iko upande wake.

Likizo za mafunzo kwa vitendo nazo zisipotee. Omba nafasi katika mahakama ya wilayani kwenu badala ya kung'ang'ania ofisi yenye vioo jijini Dar es Salaam. Katika masjala ya mahakama ya wilaya utashika majalada, utaona hati zinavyopokelewa na zinavyokataliwa, na karani mwenye miaka ishirini kazini atakufundisha kwa wiki mbili mambo ambayo kitabu kimeyapitia kwa mstari mmoja. Vioo utavikuta baadaye.

Hatua ya tano: mafunzo ya uanasheria kwa vitendo

Zamani mhitimu alifanya kazi chini ya wakili mzoefu, kisha akakaa mbele ya Baraza la Elimu ya Sheria kwa mtihani. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi huiita Shule ya Sheria, nayo ikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2008. Iko Dar es Salaam, Barabara ya Sam Nujoma, eneo la Sinza. Mafunzo ni ya mwaka mmoja, yanagawanyika kati ya darasani na kuwekwa mahakamani, katika ofisi za mawakili wa serikali au za mawakili wa kujitegemea, na anayefaulu hupata stashahada ya uzamili. Anayetaka kuwa hakimu mkazi au wakili wa serikali naye ajiandae kupita hapa, kwa kuwa matangazo ya ajira hizo huitaka sifa hii.

Ili kuomba utahitaji shahada ya sheria kutoka chuo kinachotambulika, matokeo yako ya kila mwaka, vyeti vya sekondari na cha kuzaliwa. Aliyesoma nje ya nchi apeleke kwanza shahada yake Tume ya Vyuo Vikuu ili itambuliwe, na asisubiri mpaka dirisha la maombi lifunguliwe. Bodi ya Mikopo hutoa mwongozo wa mikopo kwa wanafunzi wa taasisi hii pia, jambo ambalo wengi hawalijui, wakakaa nyumbani mwaka mzima wakichangisha ada.

Taasisi hii inaogopwa, na hofu hiyo ina tarehe. Oktoba 2022 yalitoka matokeo ya kundi la wanafunzi 633: waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, na walioondolewa 265. Nchi nzima ikajadili. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wako waliosema taasisi inawakomoa vijana, na wako waliosema vyuo vikuu vinaleta vijana wasioiva. Maoni yangu ni kwamba lawama inaweza kugawanywa kwa namna nyingi, lakini mwanafunzi anayejiandaa leo hana mamlaka juu ya mgawanyo huo. Alicho nacho mkononi ni uandishi wake mwenyewe, na hapo ndipo wengi wanapoangukia.

Chuo kikuu kinakuuliza: eleza masharti ya hati ya kiapo. Hapa unaambiwa: huyu ni mteja, haya ndiyo aliyokueleza, andaa hati ya kiapo. Maswali haya mawili yanafanana kama vile kujua mapishi ya pilau kunavyofanana na kuipika kwa watu hamsini.

Tuitazame hati hiyo kwa karibu. Mteja anasema alimkopesha jirani fedha na hakurudishiwa. Mwanafunzi aliyezoea insha huandika: «Kwamba mdaiwa alinidhulumu kinyume cha sheria, hivyo naiomba Mahakama imwamuru anilipe.» Aya hiyo haifai. Neno «kinyume cha sheria» ni hitimisho la kisheria, na «naiomba Mahakama» ni ombi; vyote viwili havina nafasi katika kiapo, ambacho hubeba mambo ambayo muapaji anayajua mwenyewe. Kanuni hiyo ilielezwa na Mahakama Kuu ya Uganda mwaka 1966 katika shauri maarufu la Matovu, na mahakama zetu zimekuwa zikiirejea mpaka leo. Aya inayofaa ingesomeka: «Kwamba tarehe 3 Machi 2023, nyumbani kwake Kinondoni, nilimkabidhi mdaiwa shilingi milioni mbili taslimu, naye akaahidi kuzirudisha kabla ya tarehe 30 Juni 2023, na hadi ninapoapa kiapo hiki hajarudisha chochote.» Tarehe, mahali, kiasi, ahadi, kilichotokea. Hoja za sheria zitasemwa na wakili siku ya kusikilizwa.

Baada ya aya huja uthibitisho, ambamo muapaji anasema ni aya zipi anazijua mwenyewe na zipi ameambiwa, na aliambiwa na nani. Kisha chini kabisa, sehemu ambayo jicho lililochoka huiruka: mahali na tarehe ambapo kiapo kimeapwa mbele ya kamishna wa viapo, yaani mtu mwenye mamlaka ya kuapisha. Kifungu cha 8 cha sheria ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, kinavitaka vyote viwili viandikwe. Wakili aliyenilea kazini alikuwa na desturi ya kuzisoma hati zetu kuanzia chini kwenda juu. Akikuta nafasi ya mahali imeachwa wazi alikuwa haendelei, anakurudishia karatasi bila neno. Nilirudishiwa mara tatu katika mwezi wa kwanza. Ya nne ilikuwa kamili.

Kwa hiyo, anayesubiri kuingia katika taasisi hii asipoteze miezi ya kusubiri. Aandae hati ya madai, maelezo ya utetezi ya maandishi, maombi yenye hati ya kiapo na kiapo kinzani, mkataba wa pango, mkataba wa mauzo ya ardhi, wosia, fomu za kuomba usimamizi wa mirathi, na sababu za rufaa. Kila moja aiandae mara tatu kwa visa tofauti, amtafute wakili mmoja wa kuzisoma, kisha azifanye upya. Ukiingia darasani ukiwa na nakala ishirini zilizochorwa chorwa na mtu mzoefu, nusu ya mzigo umeshautua.

Usikose pia kujifunza kusema. Mitihani haiishii kwenye karatasi, na katika mahakama za mfano utasimama mbele ya watu wanaokukatiza. Jizoeze kulijibu swali la jaji kwanza, kwa ndiyo au hapana, kabla ya kueleza. Vijana wengi huzunguka mbuyu kwa dakika tano kwa kuogopa kukubali jambo ambalo liko wazi, na jaji hupoteza imani hata na yale mazuri yaliyokuwa yanafuata. Na anayepata sapu, yaani anayetakiwa kurudia mtihani, asijitangazie msiba: wako mawakili hodari mahakamani leo ambao walirudia mitihani, na hakuna mteja aliyewahi kuwauliza.

Hatua ya sita: kuomba kukubaliwa na kula kiapo

Ukishafaulu, unawasilisha maombi kwa Jaji Mkuu kupitia ofisi ya Msajili wa Mahakama Kuu, ukiambatisha vyeti vyako, barua za watu wanaoithibitisha tabia yako, na risiti za ada. Kazi hii sasa hufanyika kwa mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Baraza la Elimu ya Sheria huyapitia maombi, na mwombaji anaweza kuitwa kuhojiwa. Kuwa mkweli kuhusu kila jambo, hasa kama uliwahi kushtakiwa au kufukuzwa kazi. Kosa la ujana linaweza kuelezeka, lakini uongo katika maombi ya uwakili ni uongo kwa Mahakama.

Sherehe za kuapishwa hufanyika mbele ya Jaji Mkuu. Utavaa suti nyeusi, joho na vitambaa vyeupe shingoni, na baada ya kiapo utaandikwa katika daftari na kupewa namba ambayo itakuwa yako maisha yote. Joho zuri si rahisi, na ada za maombi, za kuandikishwa, za leseni na za uanachama huja kwa mkupuo. Anza kuweka akiba ungali kwenye mafunzo ya vitendo, kwa sababu bumu, ile fedha ya kujikimu ya mwanafunzi, halipo tena na mshahara bado haujaanza.

Hatua ya saba: leseni na mwaka wa kwanza

Kuapishwa hakutoshi. Leseni ya uwakili hutolewa kwa mwaka na huhuishwa kila mwaka, pamoja na ada ya Chama cha Mawakili wa Tanganyika, ambacho sheria yake ya awali ilitungwa mwaka 1954, na pamoja na kuhudhuria mafunzo endelevu yanayohesabiwa kwa pointi. Anayeingia mahakamani huku leseni yake imekwisha anaweka hatarini hati zote alizozisaini katika kipindi hicho, na anayeumia ni mteja. Wanaoajiriwa serikalini kama mawakili wa serikali, waendesha mashtaka au mahakimu wana utaratibu wao, na hawaruhusiwi kupokea kesi za watu binafsi pembeni.

Msomaji wa Kenya atakuwa ameona kwamba njia yake ni tofauti. Kwake ni shahada ya sheria, kisha mafunzo ya Kenya School of Law iliyoko Karen, Nairobi, mitihani inayosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria la huko, na miezi sita ya kufanya kazi chini ya wakili, na sheria ya shule hiyo inaitazama hata alama ya Kiingereza au Kiswahili ya mtihani wa sekondari. Ukihitimu upande mmoja wa mpaka, usidhani utafanya kazi upande wa pili kwa kuonyesha cheti tu.

Katika mwaka wa kwanza, kama uwezo upo, kaa chini ya ofisi ya mkubwa kabla ya kufungua ya kwako. Utalipwa kidogo na utabeba majalada, lakini utajifunza namna ya kumwambia mteja kwamba kesi yake ni mbovu kabla hajalipa, jambo ambalo halina mtihani. Fungua akaunti ya fedha za wateja iliyo mbali na yako, na usiichanganye na fedha zako hata kwa siku moja, hata kama pango la ofisi limefika. Na kwa kuwa wakili ni kamishna wa viapo pia, utakuwa na muhuri. Wiki ya kwanza atakuja mtu, pengine binamu yako, na hati tano zilizokwisha kusainiwa na watu walioko Mbeya, akikuomba uzigonge tu kwa sababu basi linaondoka saa nane. Mwambie wenyewe waje, au waende kwa kamishna wa viapo aliye karibu nao, waape mbele yake na kusaini mbele yake. Kisha rudisha muhuri ndani ya droo na uifunge kwa ufunguo.